Argoni, gesi isiyojibu: hotuba kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, Lubumbashi

Jambo yenu wote. Nawasalimia wazee wa kazi mliokaa mbele, mama na papa mliowasindikiza watoto wenu, mafundi wa komini zetu za Kenya, Katuba na Kampemba, na nyinyi vijana wa ufundi mliojazana kule nyuma. Mimi nimezoea kufundisha kemia mbele ya watoto wanaotaka kujua kitu kimoja tu: je, hilo litatoka kwenye mtihani? Leo niko mbele ya watu wanaoinunua kemia kwa dola zao. Natumaini mtanisikiliza kwa masikio mengine.

Tazameni chupa ile pembeni, iliyoletwa na fundi mmoja kwa kitoroli. Nafasi yake ndani ni lita 50, na manometa, kile kipimo cha presha, inasoma bari 200. Ikifunguliwa ikatoka yote, tutapata mita za ujazo 10 hivi za argoni. Sasa tazameni ukumbi huu. Nimeupima kwa hatua: urefu mita 20, upana 10, kimo kama 5. Hiyo ni mita za ujazo 1,000 za hewa. Na hewa yoyote, ya hapa au ya Ulaya, ina argoni asilimia 0.93. Pigeni hesabu: humu ndani, kabla hatujagusa chupa, zipo mita za ujazo 9 na kitu za argoni. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kidogo, basi punguzeni kiasi. Hata hivyo tumekaa ndani ya karibu chupa nzima ya argoni, na hakuna aliyeihisi wala kuilipia. Fedha mnazotoa dukani ni za kuitenga na wenzake, kuishindilia ndani ya chuma na kuisafirisha mpaka hapa.

Kuitenga si kazi rahisi. Hewa hupozwa mpaka iwe kimiminika, kisha huachwa ichemke polepole. Nitrojeni huchemka kwenye nyuzi −195.8, argoni kwenye −185.8, oksijeni kwenye −183. Mnaona tatizo. Kati ya argoni na oksijeni kuna nyuzi 3 tu, ndiyo maana mitambo hiyo ina minara mirefu ambamo mvuke hupanda na kimiminika hushuka, wakikutana tena na tena mpaka waachane. Chupa yenye usafi wa asilimia 99.99 imetoka mbali kuliko barabara ya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia.

Hivi ilijulikanaje kwamba ipo, ikiwa haina rangi, harufu wala ladha, na haiunguzi wala haiungui? Mwaka 1785 Henry Cavendish, Mwingereza, alirusha cheche za umeme ndani ya hewa akiondoa oksijeni na nitrojeni, akabaki na kiputo kisichozidi sehemu 1 kwa 120 ya nitrojeni aliyoanza nayo. Akakiandika, akaendelea na mengine. Ikapita zaidi ya miaka mia moja. Kisha Lord Rayleigh, mtu mwenye subira ya mizani, akaona jambo linalomkera: nitrojeni aliyoitoa kwenye hewa ilikuwa na uzito wa gramu 1.2572 kwa lita, na ile aliyoitengeneza kwa kemikali gramu 1.2505. Tofauti haifiki hata miligramu 7. Wengi wetu tungesema mizani imechoka, tukafunga daftari. Yeye aliendelea kupima. Mwaka 1894 yeye na William Ramsay walitangaza kwamba ndani ya nitrojeni ya hewa mlikuwa na gesi nyingine nzito zaidi, ambayo Ramsay aliibakiza kwa kuinyonya nitrojeni yote kwa magnesi ya moto. Mwaka 1904 wote wawili walipata tuzo ya Nobel, mmoja ya fizikia, mwingine ya kemia.

Walipoipata walijaribu kuigombanisha na kila kitu. Ramsay alituma kiasi kidogo Paris kwa Henri Moissan, aliyekuwa na florini, gesi kali kuliko zote, inayokula hata kioo. Florini haikuifanya kitu. Wakapima pia mwendo wa sauti ndani yake, na kutokana na mwendo huo wakajua kwamba chembe zake ni atomi mojamoja. Oksijeni hutembea wawili wawili, nitrojeni vilevile. Argoni hutembea peke yake.

Sababu iko ndani ya atomi, na hapa ndipo nataka mkae na mimi kidogo, maana yote mnayofanya na chupa ile yanatoka hapa. Kiini cha argoni kina protoni 18. Kukizunguka kuna elektroni 18, zimepangika kwa mizingo: 2 za ndani, 8 zinazofuata, 8 za nje. Mzingo ule wa nje umetimia. Angalieni majirani zake kwenye jedwali la elementi. Nyuma yake yupo klorini, namba 17: amepungukiwa elektroni moja, kwa hiyo anainyakua popote, na ndiyo maana anachoma mapafu. Mbele yake yupo potasiamu, namba 19: anayo moja ya ziada iliyokaa nje peke yake, na anaiachia upesi kiasi kwamba ukimtupa majini anawaka. Elektroni moja tu chini au juu, na tabia inageuka kabisa. Kuing'oa elektroni ya nje ya potasiamu kunataka elektronivolti 4.3, hicho ni kipimo cha nishati ya chembe ndogo. Shaba yetu ya Katanga inataka 7.7. Argoni inataka 15.8. Wala haina pa kuipokea elektroni ya mwingine kwa faida. Haitoi, haikopi, haishiriki. Kutu, moto, kuoza, vyote ni biashara ya elektroni, na argoni haimo sokoni.

Hata atomi za argoni zenyewe kwa zenyewe hushikana kidogo sana. Wingu la elektroni likiyumba upande mmoja kwa kitambo kidogo, jirani naye huyumba, pakatokea mvuto hafifu, basi. Ndiyo maana lazima uipoze mpaka −185.8 ndipo ikubali kuwa kimiminika, na ikifika −189.3 tayari imeganda. Maji yana nyuzi 100 kati ya barafu na mvuke. Argoni ina nyuzi 3 na nusu. Ndugu zake wa safu ileile hufuata wingi wa elektroni: heliamu yenye 2 huchemka kwenye −269, neoni kwenye −246, kriptoni −153, zenoni −108. Wingu likiwa kubwa huyumba zaidi, na hushika zaidi.

Sasa twende kwenye meza ya kazi.

Unachomelea bomba la inoksi, chuma kisichoshika kutu, kwa TIG, yaani moto wa umeme unaotoka kwenye ncha ya tangsteni, metali ngumu kuyeyuka, huku argoni ikiufunika. Kwa mfano bomba la asidi la kiwanda cha shaba. Ncha ya tangsteni inavumilia joto mpaka nyuzi 3,422, lakini ikiguswa na oksijeni katika hali hiyo huliwa upesi. Chuma kilichoyeyuka nacho kina kiu: hunywa oksijeni kikaungua, hunywa nitrojeni kikajaa matundu. Vijana wengine huniuliza kwa nini tusitumie nitrojeni, mbona imejaa hewani na ni ya bei nafuu. Jibu ni kwamba nitrojeni ni mpole mezani tu. Kwenye joto la moto wa umeme hujiunga na metali. Argoni, hata humo, atomi zake huweza kupoteza elektroni kwa muda, ndipo umeme unapita na mnaona ile nuru, lakini zikitoka nje ya moto huzichukua tena elektroni zao na kuwa zilivyokuwa. Haziachi kitu ndani ya chuma.

Heliamu nayo haijiungi. Mbona basi hatuanzi nayo? Heliamu inataka elektronivolti 24.6, kwa hiyo moto wake ni mgumu kuwasha. Tena ni nyepesi, inakimbilia juu kabla haijafunika kitu. Argoni ina gramu 1.78 kwa lita, hewa 1.29. Inatua juu ya dimbwi la chuma na kulifunika. Kwa shaba nene tu ndipo heliamu huwa na faida, kwa sababu shaba hukimbiza joto kama mwizi, na moto wa heliamu una joto zaidi. Ukiwa na argoni peke yake, pasha shaba kwanza.

Chunguzeni ncha ya tangsteni mkimaliza. Iking'aa kama fedha, gesi ilifanya kazi. Ikiwa ya bluu au nyeusi, hewa iliingia ilipokuwa bado ya moto. Fundi mwenye haraka huachia kitufe na kuinua tochi papo hapo. Kaa palepale, acha gesi iendelee kutiririka, sekunde 1 kwa kila ampea 10 uliyotumia. Kwa ampea 100 ni sekunde 10. Naona wazee wanatikisa vichwa. Wanajua ni nani namsema. Mshono wa inoksi pia husema: rangi ya dhahabu hafifu ni nzuri, bluu ni ya kutilia shaka, kijivu chenye unga maana yake kromiamu, metali inayoikinga inoksi, imeungua, na hapo asidi itapata mlango. Geuza bomba uone ndani. Kama hukujaza argoni upande wa pili, utakuta magamba meusi yaliyokwaruza, hata kama kwa nje mshono ni wa kupigiwa picha. Ukijaza bomba lililosimama, ingiza argoni kwa chini na acha tundu la kutokea juu, kwa sababu ni nzito, na hewa ndiyo isukumwe juu.

Kuna kosa nalikuta kila atelie niendako. Upepo wa kiangazi ukipiga, mshono ukaanza kutoa matundu, fundi anafungua gesi zaidi: lita 20, 25 kwa dakika. Gesi ikitoka kwa kasi hiyo huvurugika, na katika kuvurugika huivuta hewa ndani. Umelipa zaidi ili uharibu zaidi. Kwa kazi nyingi lita 8 mpaka 12 zinatosha. Weka turubai, ziba upepo. Kwa lita 10, chupa ile ya lita 10,000 inakupa dakika 1,000, zaidi ya saa 16 za moto.

Na msome lebo, msisome rangi. Chupa zinazotoka nchi mbalimbali zimepakwa rangi tofauti kwa gesi ileile. Ipo argoni tupu, na ipo iliyochanganywa na kaboni dioksidi kwa ajili ya MAG, uchomeleaji wa waya unaoyeyuka. Ile ya pili ukiiweka kwenye TIG, tangsteni yako itaisha ukiitazama.

Kijana mmoja ameniletea karatasi yenye swali zuri: "Mwalimu, kama argoni ni nzito kuliko hewa, mbona yote haijatua chini, tukawa tunavuta argoni tupu?" Jibu ni kwamba katika joto la kawaida atomi za argoni hukimbia kama mita 400 kwa sekunde, zikigongana na nyingine mara mabilioni. Juu ya hapo upepo na jua hukoroga hewa usiku na mchana. Kilichokwisha kuchanganyika hakijitengi kwa uzito, mpaka karibu kilomita 100 juu kuchanganyika ni kulekule. Lakini argoni inayotoka sasa hivi kwenye tochi, nyingi, sehemu moja, isiyo na upepo, hiyo haijapata muda wa kuchanganyika. Inashuka, inajaza shimo kutoka chini.

Jambo hilo ndilo lililonifanya nikubali kuja leo, kuliko Rayleigh na wenzake.

Chukueni tangi la mita za ujazo 2. Fundi anaingia, anachomelea ndani kwa lita 10 kwa dakika. Baada ya saa moja ameingiza lita 600. Kama gesi inachanganyika na hewa ya ndani na kutoka kwa mlango, oksijeni imeshuka kutoka asilimia 21 mpaka karibu 15 na nusu. Mikono inaanza kuwa mizito, akili inachelewa, na yeye hajui. Hiyo ni hali ya kawaida ya kazi. Hali mbaya ni tochi iliyoachwa ndani ya tangi jioni na valvu inayovuja. Kwa saa 12 ni lita 7,200, zaidi ya mara tatu ya ujazo wa tangi. Asubuhi anayeteremka wa kwanza anavuta pumzi moja, mbili, na magoti yanaisha nguvu. Chini ya asilimia 10 mtu huzimia. Ikishuka mpaka 5 au 6, ni suala la sekunde.

Mtasema, si atahisi anakosa hewa, akatoka? Hapana, mama. Mwili hauna kengele ya oksijeni tunayoisikia. Kile kiu cha pumzi unachokijua ukizama majini kinaletwa na kaboni dioksidi inayorundikana kwenye damu. Katika argoni unapumua vizuri, kaboni dioksidi inatoka kama kawaida, kifua ni chepesi, na taa inazimika. Argoni haikumpa sumu. Haikugusana na chochote ndani yake, kama vile haikugusana na florini ya Moissan. Ilikalia tu nafasi ya oksijeni. Kisha mwenzake anamwona amelala chini, anaruka kumtoa, naye analala juu yake.

Kwa hiyo: tochi isibaki ndani ya tangi, hata wakati wa chakula. Funga chupa kwenye valvu yake, usitegemee kitufe. Feni ivute hewa kutoka chini, pale gesi inapokaa. Kipima oksijeni kishushwe kwa kamba kabla ya mtu, na kikisoma chini ya 19.5 hakuna anayeingia. Anayefanya kazi ndani afungwe kamba, na aliye nje asiende kununua kredi ya simu. Na tafadhali, papa, nimeona kwa macho yangu mtu akifungua chupa ya oksijeni ndani ya tangi "ili kusafisha hewa". Usifanye hivyo kamwe. Nguo iliyolowa oksijeni, cheche moja, inawaka mwilini kama iliyomwagiwa petroli. Hewa safi inaletwa na feni.

Nimeulizwa pia argoni yote hiyo ilitoka wapi. Imetoka kwenye mawe. Katika potasiamu ya dunia ipo aina moja, potasiamu-40, ambayo huvunjika polepole sana. Nusu yake hupotea kwa miaka bilioni 1.25. Sehemu kubwa hugeuka kalisi, na karibu 1 kati ya 9 hugeuka argoni. Argoni-40 hiyo ndiyo asilimia 99.6 ya argoni yote ya hewani. Ndiyo maana pia argoni ina uzito kuliko potasiamu inayoifuata kwenye jedwali, 39.95 kwa 39.10, jambo lililowasumbua wakemia mpaka Henry Moseley alipoonyesha mwaka 1913 kwamba mpangilio hufuata protoni, haujali uzito. Na ninyi mliokula maharagwe na matembele mchana mna potasiamu mwilini, gramu 140 hivi kwa mtu wa kilo 70. Ndani ya mtu huyo atomi za argoni huzaliwa kwa mamia kila sekunde, na huzipumua nje bila kujua.

Wanajiolojia wameifanya saa. Lava ikiwa uji wa moto, argoni hutoroka, kwa kuwa haikushikwa na kitu. Ikiganda, inayozaliwa baadaye hubaki gerezani, na ukiihesabu unajua jiwe lina umri gani. Kwa mawe ya mamilioni ya miaka inafaa sana. Kwa lava ya Goma ya 2021 ni mapema mno.

Je, kweli haijiungi kamwe? Mwaka 2000 watafiti wa Helsinki waliifunga pamoja na haidrojeni na florini kwenye baridi ya chini ya nyuzi −240. Ikipata joto kidogo, inaachana. Kwenye atelie zenu msitegemee.

Swali la mwisho limetoka kwa mama mmoja wa Likasi, mwenye watoto wanaochimba: "Wanasema Shinkolobwe kuna gesi. Ni hii?" Ni ndugu yake, mama. Inaitwa radoni, namba 86, ya safu ileile. Mgodi wa Shinkolobwe ndiko kulikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima la 1945, na urani ikivunjika hatua kwa hatua huzaa radoni. Mawe yaliyoizaa hayawezi kuishika, kwa sababu nayo mzingo wake umetimia. Inapita kwenye nyufa, inakusanyika ndani ya mashimo na vyumba vilivyofungwa, na ni nzito mara saba na zaidi kuliko hewa. Tofauti na argoni, radoni haidumu: nusu yake huvunjika kwa siku 3.8. Inayovutwa na kutolewa nje kama gesi hudhuru kidogo. Ubaya ni ile inayovunjika ukiwa umeivuta, pamoja na watoto wake waliokwisha kuzaliwa hewani: polonia, risasi, bismuthi. Hao ni metali, wanajiunga, wananata kwenye mapafu na kupiga mionzi palepale. Katika nchi nyingi ndiyo sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara. Mgodi ule umefungwa kisheria, na kwa hili peke yake mtoto hana kazi kule. Mawe yake yasijengewe nyumba. Na kwa wanaoishi karibu, kuna kipimo cha kipande kidogo cha plastiki, hakitumii umeme. Kinaachwa chumbani miezi 3 madirisha yakitumika kama kawaida, kisha kinasomwa maabara. Tuzungumze baadaye, mama, nikuonyeshe kinavyowekwa.